Mwalimu wa Mawe na Kisima Chetu

Nyinyi mnaosoma haya mkiwa mmelala chali, simu juu ya uso, inukeni kwanza. Mtu ninayetaka kuwaeleza sikumwona hata siku moja kalala mchana, na sidhani usiku alilala sawasawa. Nyumbani tulimwita Mwalimu, basi. Jina alikuwa nalo, na ukoo, na mji wake huko bara, lakini hayo mtamuuliza mwenyewe mkikutana naye ndiani. Mimi nitasema nilichokiona. Alikaa ghorofa ya juu ya nyumba yangu hapa Amu, mnapopaita Lamu, muda mrefu kuliko mpangaji yeyote, na neno aliloshindwa kulisema wakati wake lingali ndani ya kisima chetu.

Kazi yake ilikuwa kufundisha mawe. Nilipoambiwa hivyo nilidhani ni mwashi, nikamwambia, "Karibu, ukuta wa jikoni umebomoka." Akacheka. Akasema yeye hajengi, anawafundisha vijana wa chuo, wale wa mwaka wa kwanza: ardhi imekaaje, jiwe limetoka wapi, mlima hupandaje na hulikaje, maji hupita wapi chini kwa chini. Jiolojia.

"Na wakishajua?" nikamuuliza.

"Wakishajua, Bi, hawatatembea juu ya nti kama vipofu."

Alilisema neno "nti" kwa ulimi wetu, mtu wa bara yule, siku yake ya kwanza. Nikampa ufunguo.

Kutulia hakukujua. Watu wa haraka nimewaona wengi, lakini haraka yao ina mwisho: wakifika wanakokwenda hukaa. Mwalimu akifika ndipo anapoanza. Vikombe vyake vya chai nilivikuta kila mahali, kimoja kwenye daka la mlangoni, kimoja ngazini, kimoja darini kimeingia inzi, vyote nusu. Akila wali atainuka na tonge mkononi kwenda kutazama ufa ukutani. Kitanda kilizunguka chumba kizima, leo kiko kibla, kesho kiko dirishani. Na kila alfajiri, kabla sijamaliza kutia udhu, nasikia nyayo juu ya kichwa changu, huku, kule, huku, kule.

"Bwana Mwalimu," nilimwita siku moja, "huko juu unasukuma mkokoteni?"

"Nafikiri, Bi."

"Fikiri umekaa."

"Nikikaa fikra zinakatika."

Mtu huyo ndiye aliyewafundisha watoto wenu subira. "Jiwe halina haraka," huwaambia, "na wewe usilifanyie haraka." Kisha anashuka ngazi mbio, vifungo vya shati havijafungwa, viatu mkononi, darasa limeanza zamani.

Alikuwa na nyundo ndogo ya kichwa kizito, na hakuna kitu ambacho hakukigonga. Kizingiti alikigonga. Birika aliligonga. Siku moja nikamkuta ameng'oa kipande cha lipu sebuleni, kikubwa kama kiganja, naye amepiga magoti mbele ya tundu lile kama mtu aliyepata hazina.

"Tazama, Bi! Tazama hawa!"

Nikatazama. Ndani ya jiwe mlikuwa na vijumba vidogo vidogo, vingi, kama sega la nyuki.

"Hawa walikuwa wadudu wa bahari," akasema. "Wakafa, wengine wakajenga juu yao, wakafa nao. Ukuta huu wote ni wao. Nyumba yako ni makaburi."

"Wewe," nikamwambia, "umenitoboa ukuta, na sasa wanitia maiti sebuleni?"

Jioni akaja na chokaa akaziba. Aliziba vibaya, mpaka leo panaonekana.

Na ndimu zangu! Mwenye kupika anajua, ndimu ya achari huhesabiwa. Mwalimu alikuwa akikwaruza jiwe kwa msumari, anadondoshea ndimu juu ya unga wake, kisha anainamisha sikio kusikiliza. Jiwe la kwetu hutoa povu. Jiwe jeusi alilokuja nalo kutoka bara, lililozaliwa na moto, halitoi kitu. Akawapanga wanafunzi kwenye daka langu baada ya alasiri, kila mmoja na jiwe lake na kipande chake cha ndimu, na mjukuu wangu Mwanaisha miongoni mwao, maana naye alikuwa kaingia chuo mwaka ule. Harufu ya ndimu mtaa mzima. Wapita ndia wakidhani pana harusi.

Palikuwa na kijana mmoja mrefu wa bara, kila kitu yeye huuliza swali moja tu: "Mwalimu, hii inakuja kwa mtihani?"

Mwalimu huumia kama aliyechomwa mwiba. "Ardhi yote inakuja kwa mtihani," akamjibu siku moja. "Hata ukifa, utaingizwa humo humo."

"Eish, Mwalimu, hiyo ni too much," akasema yule kijana, na wenzake wakaangua kicheko. Hata mimi nyuma ya mlango.

Alipenda mifano ya jikoni, na mifano yake haikunipendeza yote. Aliwaambia kwamba sisi tunaishi juu ya ukoko. Dunia ndani ni moto, nje imeganda, tumesimama juu ya lililoganda. Nikatoka nikamwambia, "Mwalimu, ukoko huwa chini ya sufuria. Mimi nimepika tangu mama yako hajaolewa."

"Ipindue sufuria, Bi."

"Wali utamwagika."

"Ndipo hapo panapotoka volkano!" akasema, na furaha aliyokuwa nayo ungedhani amenifunga bao. Nikarudi jikoni. Mtu akishindana na mwalimu mbele ya wanafunzi wake anamvunjia riziki.

Kwa dini alikuwa Mkristo, na hakukosa kanisa. Jirani yetu mmoja, mke wa askari polisi, alinisimulia kwamba Jumapili moja kikapu cha sadaka kilipompitia, Mwalimu alitia mkono mfukoni, akatoa jiwe, akalitumbukiza. Likalia ko! Mchungaji akaacha kuhubiri. Mwalimu akalitoa jiwe, akatia tena mkono, akatoa jiwe la pili. Nilicheka mpaka nikashika ubavu.

Wengi walimngojea agombane na Ustadhi wa msikiti wa nyuma yetu, kwa sababu ya ile habari yake ya miaka. Mwalimu akisema umri wa jiwe, hutaja miaka ambayo ulimi haubebi. Ustadhi akapita siku moja, akasimama dakani akasikiliza mpaka mwisho. Vijana wakangoja moto. Ustadhi akasema, "Bwana Mwalimu, siku za Mola hazipimwi kwa saa ya ukutani. Wewe hesabu yako hesabu. Lakini umesema vizuri kwamba lina mwanzo." Kisha akaomba kipande cha ndimu naye ajaribu. Wale wawili wakawa wakikutana, mmoja amekaa, mmoja akimzunguka.

Sasa niwaambie lililonikera kwake, kwa sababu kumsifu mtu upande mmoja ni kumdanganya. Mwalimu hakuwa na ndiyo, wala hakuwa na la. Mbele ya wanafunzi alikuwa simba, lakini ukimuuliza jambo la kweli, lenye hasara na faida, anakuwa kama kaa: anakwenda ubavu. "Inategemea," husema. Mvua itanyesha? Inategemea. Ufa huu utaangusha ukuta? Inategemea, Bi, na mzigo wa juu, na msingi, na... Nikamuuliza siku moja, "Mkeo ulimposa vipi? Ulimwambia inategemea?"

"Yeye ndiye aliyeniposa," akasema.

Aliogopa maji kama paka, yeye aliyefundisha habari za bahari. Alipowapeleka wanafunzi ng'ambo, kisiwani Manda, nilikwenda nao, kwa kuwa Mwanaisha alikuwa msichana peke yake siku ile na mimi sikuona sababu ya kukaa nyumbani nikikisia. Mwalimu akavaa maboya mawili kifuani, moja juu ya jingine.

"Mwalimu," akasema yule kijana mrefu, "moja ni lako, na hilo lingine ni la nyundo?"

Alishika ubao wa boti kwa mikono yote miwili, macho amefumba, mpaka tulipogusa upande wa pili. Kule akawa mtu mwingine. Tulikwenda kwenye machimbo, wanakokata matofali ya mawe, jua linatoboa utosi, nikajikalia chini ya turubai ya wakata mawe. Yeye aliruka shimoni. Akawaonyesha kombe lililogandamana na jiwe, juu kabisa ya kichwa chake, akawaambia, "Hapa niliposimama palikuwa na samaki. Bahari imetoka kidogo tu. Msidhani imehama."

Mwanaisha akauliza, "Na maji ya visima vyetu, Mwalimu, yanatoka wapi, ikiwa chini yote ni bahari?"

Akamtazama kama mtu aliyeletewa zawadi. Akaomba glasi kwa wakata mawe, akatia maji, akamiminia juu mafuta ya nazi aliyoyaomba kwangu, nilikuwa nayo ya kichwa. Mafuta yakaelea. "Haya ya chini ni chumvi," akasema. "Haya ya juu ni mvua, imepita kwenye mchanga na mawe, imetulia juu yake. Tabaka jembamba." Akachukua mrija wa soda akauzamisha kidogo, akavuta polepole, yakaja mafuta. Akatema. Akavuta kwa nguvu, yakaja maji. "Mmeona? Ukiyachota kwa adabu, unakunywa tamu. Ukiyavuta kwa pupa, chumvi inapanda."

Lilikuwa somo zuri. Nami, niliyesoma chuo cha Kurani na madarasa machache tu, nililielewa lote. Kumbukeni hiyo glasi mkisikia yanayofuata.

Kisima chetu kimo ndani ya nyumba, kwenye uwa. Kilikuwa kisima cha kuteka kwa ndoo na kamba, maji yake matamu, na nje ya ukuta marehemu mume wangu alijenga birika dogo la sabili, mpita ndia anywe, jirani ajaze mtungi. Sharti lake lilikuwa moja: maji yale hayauzwi wala hayafungwi. Kila asubuhi mmoja wa nyumba hii hulijaza lile birika kabla hajateka yake.

Mwanangu Shee aliporudi kutoka Mombasa alikuwa na shauri lake. Vyumba vya juu viwe vya wageni, kila chumba na bomba lake la kuogea. Kwa hayo, kisima kizidishwe kina na kitiwe pampu. Akalileta shauri wakati wa chakula cha mchana, Mwalimu yuko, Mwanaisha yuko.

"Mwalimu, wewe ndiwe mtaalamu," Shee akasema. "Tukishuka pima mbili zaidi, si tutapata maji mengi?"

Mwalimu akaweka tonge chini. "Inategemea."

"Na nini?"

"Na unene wa lile tabaka. Na mvua. Na kasi ya pampu. Lazima kupima, Bwana Shee, kuna watu wa kupima, mimi ni mwalimu wa mwaka wa kwanza tu."

Mwanaisha akasema, "Lakini Mwalimu, ile glasi—"

"Glasi ni glasi," akamkata. "Glasi ni mfano."

Nikamwambia, "Bwana Mwalimu, nataka ndiyo au nataka la. Tuchimbe au tusichimbe?"

Akainuka. Akaenda kisimani, akainama, akagonga ukingo kwa kidole, akazunguka mara kadhaa, akarudi. Jasho lilikuwa limemtoka. "Siwezi kusema la, Bi, bila kupima. Nikisema la, na kumbe yangekuwepo, nimemharibia kijana maisha."

"Hajasema la, mama," akasema Shee.

Na kweli, hakusema.

Nilisema mimi. Nikasema kisima kisiguswe, na pakaishia hapo kwa muda. Mwalimu akahamishwa chuo, akafunga mawe yake kwenye magunia ya sukari, hamali akamtukana mbele ya mtaa mzima kwa uzito. Akaondoka. Muda si mrefu nikaitwa niende mji wa Siyu, dada yangu kaanguka kavunjika nyonga, hana mwingine wa kumgeuza kitandani. Nilikaa kule mpaka aliposimama kwa fimbo.

Niliporudi, nilisikia mngurumo kabla sijavua buibui. Pampu. Shee alikuwa ameniwekea bomba jikoni, linamwaga kwa kishindo, na birika la sabili linajaa lenyewe linafurika mpaka ndiani. Majirani wakamsifu. "Mwanao kaleta mto Amu," wakaniambia. Wageni wakaja, wakaoga asubuhi, wakaoga jioni, wengine wakaoga na mchana kwa sababu ya joto.

Msimu ule wa kaskazi ulipokwisha, mvua ilichelewa. Mbaazi zikawa haziivi, naongeza kuni zinanitazama. Sabuni haitoi povu. Nikachemsha chai ya maziwa, maziwa yakakatika sufuriani. Nikadhani ni maziwa. Nikatia mengine, yakakatika. Bi Khadija wa nyumba ya mkabala akapiga hodi, mtungi mkononi, akaumwaga mbele yangu kizingitini.

"Shoga yangu," akasema, "siku hizi ukinipa mai ya kupikia, hunipa na munyu bure?"

Aliitania chumvi ile, lakini macho yake hayakucheka. Yeye na wajukuu wake hunywa maji hayo. Siku zile zile nikaona mchukuzi kasimama kwenye birika la mume wangu, akanywa funda, akatema, akaangalia ukuta wa nyumba yangu, akaenda zake bila kusema kitu. Afadhali angetukana.

Shee akaleta dawa yake. Yule fundi aliyezidisha kina cha kisima alimwambia kwamba chini ya chumvi huwa pana tamu tena, kama nazi: ganda, kisha maji. Washuke zaidi, waivuke chumvi. Akakubaliana na fundi aje Jumamosi. Nikakataa. Akasema, "Mama, wewe umejuaje? Hata Mwalimu hakujua." Hapo alinishika. Nilijua kwa ulimi na kwa mbaazi, sikuwa na hoja ya kumpa mtu aliyeona mashine.

Alhamisi, Mwalimu akabisha hodi.

Sikuwa nimemwita. Alikuwa amekuja na wanafunzi wa chuo kingine, amewaacha Manda na mwenzake, akavuka kunisalimu. Amekonda, goti moja limevimba, nywele za pembeni zimekuwa nyeupe. Nikampa kiti. Nikampa maji, kama anavyopewa mgeni yeyote, wala sikusema neno. Shee alikuwa amesimama mlangoni. Mwanaisha alishuka ngazi aliposikia sauti.

Akanywa. Glasi ikabaki hewani.

"Mmechimba," akasema.

"Wamechimba," nikamwambia. "Na Jumamosi wanachimba tena. Wanatafuta tamu chini ya chumvi."

Akaiweka glasi chini taratibu, asimwage. "Bwana Shee, chini ya hii chumvi ni chumvi. Chini yake ni chumvi. Ukichimba mpaka pumzi ikuishe, ni bahari. Usichimbe. Na hiyo pampu uizime, si Jumamosi, sasa."

"Mbona siku ile hukusema hivyo?" Shee akauliza, na sauti yake ilipanda. "Nilikuuliza hapa hapa! Nimetia kila nilichokuwa nacho, Mwalimu!"

"Ulikuwa umekuja na shauri lako zuri, mimi nikaogopa kukosea mbele ya mwanafunzi wangu. Nilijua. Si kwa kupima, lakini nilijua vya kutosha." Akamgeukia Mwanaisha. "Wewe uliuliza sawa, mimi nikakunyamazisha. Ukifundisha, usifanye hivyo."

Mwanaisha alitazama sakafu. Shee akatoka akaenda kusimama uwani.

Nikamuuliza Mwalimu swali moja. "Yatarudi?"

"Mkiyaacha yapumzike, na shimo likarudishwa kina chake cha zamani, mvua ikija nzuri, na ikaja tena nzuri, huenda. Huenda yasirudi katika uhai wetu mimi na wewe, Bi. Hilo ndilo sijui kweli."

Akaomba ruhusa, boti lilikuwa linamngoja. Nilimsindikiza mpaka kwenye daka. Nikamwambia, afadhali angekuja mapema. Akasema, "Ndiyo." Sikumwona tena tangu siku hiyo, na salamu zikija huwa kupitia kwa Mwanaisha, ambaye sasa anasimama yeye mbele ya vijana wa mwaka wa kwanza.

Nikarudi ndani, nikawaita wote waje uwani, wakubwa kwa wadogo. Nikasema pampu itolewe kabla ya adhuhuri na wageni waambiwe kuwa nyumba hii huoga kwa kata. Birika la sabili litajazwa kila asubuhi kwa maji ya kununua, yanayoletwa na punda kutoka upande wa Shela, na litajazwa kabla ya mtungi wetu, na Shee ndiye atakayelijaza. Na fundi akija Jumamosi, nikawaambia, mkaribisheni vizuri, mpikieni chai kwa maji ya kisima hiki, mngojeeni aimalize kikombe kizima, kisha mwambieni arudishe shimoni mchanga wote alioutoa.